Pipa Nililoliziba kwa Risasi

Mtanisamehe kwa mwandiko huu. Herufi zangu huanza mstari zikiwa wima, zikifika katikati zinalala kama mahindi yaliyopigwa na mvua, na penye r na l bado nakosea kwa sababu nyumbani tunasema Kiha. Niliishia darasa la saba. Naandika polepole, ukurasa mmoja hunichukua siku mbili, na siku ya pili aghalabu ni ya kufuta. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima amesema niandike hivyo hivyo, wasomaji hawatanicheka. Sina hakika. Lakini jambo hili linanishinda kulisema kwa mdomo. Nimelisema mara moja tu, na ilikuwa kwa sababu mama yangu alikaribia kufukuzwa kijijini kwa kosa langu mimi.

Kabla ya kuhamia kijiji cha ujamaa tulikaa mlimani, juu ya Makere, kila mji na migomba yake. Baba alikwisha kufa. Mama alinilea kwa pombe ya ndizi. Aliivisha ndizi shimoni, akazikamua kwa majani, akachanganya maji yake na unga wa mtama uliokaangwa, akaviacha mtumbwini siku mbili tatu vikiumuka. Mtumbwi wenyewe ulikuwa gogo alilolichonga baba. Siku ya kuhama ulirushwa juu ya lori pamoja na vitanda na mawe ya kusagia, ukapasuka toka mwisho huu hadi ule. Mama aliutazama. Alikusanya vipande, akavipikia mihogo wiki nzima.

Kijiji kipya kilikuwa kando ya barabara ya Kasulu na Kibondo, nyumba zimepangwa kwa kamba. Huko mlimani jirani ulimsikia tu akipasua kuni. Hapa ulimwona akila, ukajua anakula nini, naye akajua kwamba umejua. Nadhani ndipo watu walipoanza kutazamana. Mama alikuwa na sababu zaidi ya kutazamwa. Alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, akaolewa na baba, na ingawa Kirundi chake na Kiha chetu ni ndugu, neno moja tu lilitosha watu wajue ametoka wapi. Alikuwa amekaa huku zaidi ya miaka ishirini na bado aliitwa yule wa ng'ambo.

Pombe ilihitaji chombo. Kwenye mtaro wa barabara lilikuwako pipa la maji lililoachwa na watengeneza barabara, zima kabisa isipokuwa mshono wa chini uliooza. Nilikuwa nimewahi kumwona fundi wa sufuria akiziba tundu kwa risasi, yale madini laini ya kijivu. Na kwenye kona ya kwenda Kasulu kulikuwa na lori lililopinduka zamani, ambalo watu walikwisha kulichuna kama ng'ombe. Kilichobaki ni betri iliyopasuka. Niliivunja, nikatoa vibamba vya risasi, nikaviosha, nikaviyeyusha ndani ya kopo la maziwa juu ya makaa. Nilimimina kwenye mshono wote. Iliyobaki niliisambaza chini na kando kwa kijiti chenye tambara, mpaka pipa likang'aa ndani kama sarafu mpya. Nilitia maji usiku kucha, halikudondosha hata tone.

Mama alipitisha kiganja pale chini, akasema baba yangu angependa kuona kazi ile. Mimi si mtu wa kusifiwa. Mbele ya watu ulimi wangu unakuwa mzito, na shuleni nilijulikana kwa kutojibu. Kwa hiyo sifa ile niliibeba siku nyingi. Hata kijiji kilipolala mchana wa jua kali, nilikwenda kuchungulia ule mng'ao.

Pombe ya kwanza ya pipa lile ilitoka tamu. Pombe ya ndizi siku ya tatu huwa imeanza kuwa chachu, lakini yetu ilibaki na utamu mpaka siku ya tano. Watu walitoka mwisho mwingine wa kijiji kuifuata. Walipita waendesha baiskeli, wapakia mizigo, na mchuuzi mmoja wa chumvi kutoka Kitahana ambaye kila alipotoka Kasulu na mifuko yake alilala kwetu na kunywa mpaka akaimba. Alikuwa ameoa karibuni. Alimtania mama kwamba mkewe ameanza kulionea wivu pipa.

Hapa lazima nieleze desturi yetu. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza. Humpi mtu kibuyu mpaka umenywa mbele ya macho yake, naye akuone ukimeza. Mtu asiyeonja ana jambo lake. Mama alionja kila kibuyu, funda moja tu, hata cha mtoto wa ndugu, na watu walimsifu kwa hilo. Hakuna aliyefikiri kwamba kipo kitu ambacho mwonjaji anakimeza leo, anaamka mzima kesho, na kesho kutwa bado mzima.

Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, ndiye aliyetangulia kuugua. Alikuwa mnywaji wetu wa kila siku na mtetezi wa mama. Tumbo lilimkaza, likamsokota, haendi haja siku nne, tano. Akanywa dawa ya minyoo, akanywa mizizi. Akapauka. Kisha, baada ya msimu wa maharage, mkono wake wa kulia ukaanza kulegea kwenye kifundo. Ukimwambia anyooshe vidole, mkono unaning'inia kama jani la mgomba lililovunjika. Alishindwa kushika jembe, lakini hakushindwa kutania.

"Mkono wangu umekuwa na adabu," alisema. "Unasalimia ardhi."

Watu walicheka, mpaka wanaume wengine wanne wakaanza kulalamika tumbo, na mmoja akashindwa kufunga vifungo vya shati. Hapo kicheko kiliisha. Wote walikuwa wanywaji wa kwetu.

Sikumbuki nani alisema kwanza. Nilichoona ni macho. Mama akionja kibuyu, watu hawakutazama tena koo lake, walitazama kidole gumba. Kwetu inasemwa kwamba mwenye kuua watu huificha dawa chini ya ukucha wa gumba, akaichovya baada ya kuonja. Mama aliyaona macho hayo. Asubuhi moja nilimkuta uani anakata kucha kwa wembe, anazikata mpaka nyama, damu inatoka. Lakini macho hayakuondoka. Sasa walisema amezikata kwa sababu ya nini? Na ule utamu waliousifu nao ukageuka shitaka. Ameweka nini humo ndani?

Wakati huo ndipo alipokuja mtafiti.

Alikuwa Mtanzania mwenzetu, mtu wa pwani kwa sauti yake, daktari asiyetibu. Alishuka kwenye Landrova na masanduku ya chupa tupu, akapewa darasa moja la shule alale. Mwenyekiti wa kijiji alitueleza kwamba mtaalamu huyu anachunguza vitu vilivyomo kwenye maji, udongo na vyakula vinavyoweza kudhuru mwili taratibu, na kwamba zahanati ndiyo iliyopeleka habari za mikono yetu. Tulimsikiliza. Lakini daktari asiyetoa hata kidonge, anayekuja na chupa tupu na kuondoka nazo zimejaa, sisi tungemwitaje?

Akaomba nywele. Alisema nywele hutunza habari za kile mtu alichokula miezi iliyopita. Kwetu nywele na kucha za mtu hazitupwi ovyo, zinafukiwa, kwa sababu mtu mbaya akizipata amekupata wewe. Hakuna aliyemkatalia kwa maneno. Ila asubuhi iliyofuata nusu ya wanaume wa kijiji walitokea na vipara vinavyong'aa. Mtafiti alisimama mlangoni mwa darasa na mkasi wake, akawatazama wakipita mmoja mmoja kwa heshima zote. Baba mkubwa peke yake alibaki na nywele.

"Kata, daktari," alimwambia. "Mchawi akitaka kuniroga na aje ashike zamu, wenzake wameshatangulia."

Mtafiti naye hakutuamini. Aliuliza swali moja leo, akaliuliza tena kesho kwa namna nyingine, na siku ya tatu akamwuliza mtoto wa nyumba hiyo hiyo. Alichota maji ya mto, akachota udongo wa mashamba ya kahawa yaliyopuliziwa dawa, akachukua chumvi, unga, hata majivu. Aliandika kila mtu anakula kwa nani na anakunywa kwa nani. Siku ya nne alikuja kwetu.

Mama alimpa kiti, akaleta kibuyu. Alionja mbele yake, akameza, akamkabidhi. Wanaume sita walikuwa wanatazama. Mtafiti alishukuru, akatoa chupa mfukoni, akamimina pombe yote ndani, akaiziba na kuandika karatasi. Hakuonja hata tone. Nilimwona mama akishusha macho. Kumkatalia mwonjaji mbele ya watu ni kumwambia nimekujua. Mmoja wa wale wanaume alijikohoza tu, lakini wote tulisikia kikohozi kile kilisema nini.

Kisha akaomba kuingia kibanda cha pombe. Mama akakataa. Pombe ilikuwa inaumuka, na kwetu pombe inapoumuka mgeni haingii, itaharibika. Mtafiti hakushindana naye, aliandika tu kwenye daftari lake. Kabla jua halijawa kichwani, kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba yule wa ng'ambo amemzuia mtu wa serikali asione pipa.

Kesho yake alitupanga vijana na wazee mbele ya darasa. Juu ya meza aliweka kipande cha kijivu, kizito, kikubwa kama jino la ng'ombe. Kila aliyefika alikishika na kuulizwa kama amewahi kukitumia kitu kama kile. Nilikitambua kabla sijafika mezani. Niliogopa, na nitasema ukweli kwa nini: nilidhani anatafuta mwizi wa betri. Lori lile lilikuwa la serikali. Nilifikiri habari za mikono ni ujanja tu, na kwamba chini ya meza ile ipo pingu.

"Kijana, umewahi kukiona?" aliniuliza.

Nikatikisa kichwa. Alinitazama muda mrefu, kisha akasema mwingine apite.

Jumapili, baada ya ibada, nilimshika mkono baba mkubwa kumpeleka kwa mtafiti. Mtafiti alimwomba afungue mdomo kwenye mwanga wa dirisha, akamwinulia mdomo wa juu kwa kijiti. Aliniita nione. Kwenye ufizi, pale meno yanapoanzia, palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya samawati iliyokoza, kama mtu amechora kwa kalamu ya wino. Alisema mstari ule huonekana kwa mtu ambaye risasi imeingia mwilini mwake kidogo kidogo kwa muda mrefu. Risasi ile ile aliyoweka mezani. Haina harufu, alisema, na katika kitu kichachu hutoa utamu.

Baba mkubwa aliuliza kama mtu anaweza kuiweka makusudi. Mtafiti alijibu kwamba bado hajui inatoka wapi, chupa zimepelekwa Dar es Salaam na majibu yatachukua majuma mengi. Alijibu hivyo akinitazama mimi. Au pengine alikuwa anatazama dirisha. Nilimrudisha baba mkubwa nyumbani, na njiani nilitaka kumwambia kila hatua kumi. Tulifika kabla sijapata neno la kuanzia.

Alasiri mwenyekiti akaitisha mkutano mbele ya ofisi ya kijiji. Kila mtu alijua ni wa nini. Mwenyekiti alianza mbali, akasifu mavuno, akazungumzia vyoo, kisha akasema yapo manung'uniko na ni vizuri ndugu wananchi wayatoe mchana. Mama mkubwa, mke wa baba mkubwa, ndiye aliyesimama. Hakupiga kelele, na hilo lilitisha zaidi.

"Alivuka mto na mikono mitupu, tukampa mji," alisema. "Leo mikono ya waume zetu inaanguka. Yake yeye mbona imesimama?"

Baba mkubwa alimwambia mkewe akae chini. Hakukaa. Watu wengine wakaongeza yao: kucha zilizokatwa, utamu, pipa lisiloonekana. Mmoja alitaka arudi kwao. Mwingine alisema basi apewe hata juma moja la kufunga vitu. Mtafiti alisimama akawaomba wasubiri majibu ya chupa, na mtu wa nyuma akauliza kwa nini daktari anamtetea mwanamke ambaye pombe yake mwenyewe aliiogopa. Mtafiti akakaa.

Mama alikuwa ameketi kwenye majani, miguu ameinyoosha, na kibuyu kikubwa ubavuni. Alikuja nacho kutoka nyumbani, nami nilidhani ni maji. Akasimama, akakiinua watu wote wakione.

"Mmechoka kuniona naonja," alisema. "Basi leo nakunywa chote. Na kesho, na keshokutwa, hapa hapa, mpaka mmoja wetu achoke."

Akaondoa kizibo. Nilikuwa nyuma kabisa, nimeegemea mti wa bendera. Sijui nilifikaje mbele. Nakumbuka nilikishika kibuyu na pombe ikanimwagikia kifuani, na mama akanitazama kama mtoto aliyerukwa na akili.

"Mama, usinywe," nilisema. "Ni pipa. Nililiziba kwa risasi ya betri. Ni mimi."

Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini wote walisikia. Mtafiti alikuwa wa kwanza kunifikia. Aliniuliza polepole, swali moja moja: betri ipi, kiasi gani, tangu lini. Safari hii nilijibu yote. Kisha akasema twende tukalione, na watu wote wakafuata, na mama hakuzuia mtu. Alimwaga pombe yote uani. Mtafiti aliingiza kichwa ndani ya pipa na tochi, akakaa humo muda, akatoka na unga mweupe kwenye ncha ya kisu. Ule mng'ao wangu ulikuwa haupo tena. Ulikuwa umeliwa, na penye mng'ao palikuwa pameparuzwa paruzwa kama ubao wenye mchwa.

Pipa lilikatwa kwa shoka, mtafiti akachukua vipande kwenye sanduku. Wagonjwa walipelekwa hospitali Kasulu na Landrova yake. Majibu ya chupa yalikuja baadaye yakisema yale tuliyokwisha kuyajua.

Kabla hajaondoka niliomba radhi kwa kumdanganya. Alisema na yeye alikuwa amenishuku tangu nilipokishika kile kipande, kwa kuwa wengine wote walikipima uzito kwa mshangao na mimi sikushangaa. Kisha akaniambia jambo ambalo bado linanisumbua. Kibuyu kile kisingemfanya mama kitu siku ile. Angekunywa chote, akasimama mzima mbele ya watu, na kesho yake tena. Wangemwomba msamaha, wangerudi kwenye pipa, na mikono ingeendelea kuanguka. Desturi yetu ingemshuhudia mama vizuri, na ingewaua.

Mama hakufukuzwa. Lakini msidhani watu walikubali yote. Wapo wanaosema chuma hakiwezi kumroga mtu, kwamba mtafiti na mimi tulipatana. Mama mkubwa alikuja kwetu na kikapu cha maharage, akakaa, akazungumzia mvua. Mama alimpa uji. Akaonja kwanza. Mama mkubwa alipokea, na kwa muda mfupi tu, nilimwona akitazama gumba. Baba mkubwa mkono wake umerudi nusu. Anashika kijiko, hashiki jembe. Anasema nusu iliyobaki ameniachia mimi nimlimie, na namlimia. Mama hapiki pombe tena. Anasuka mikeka.

Sasa nafika kwenye sababu ya kuandika. Yule mchuuzi wa chumvi wa Kitahana hakupita tena baada ya mavuno yale. Msimu huu mpita njia mmoja ametuambia kwamba mchuuzi huyo mikono yote miwili imelegea, na kwamba ndugu zake walimrudisha mkewe kwao, upande wa Nyabibuye, kwa kusema amemlisha kitu. Yule bibi hajawahi hata kuliona pipa letu. Nilikwenda Kitahana kwa miguu, siku mbili, nikasimama mbele ya nyumba niliyoonyeshwa. Hapakuwa na mtu, na jirani hakutaka kuniambia wamekwenda wapi. Aliniuliza mimi ni nani na namtafutia nini mke wa mtu. Ulimi ukawa mzito, nikageuka nikarudi.

Kwa hiyo naomba ninyi mnaosoma, hasa mlio njia ya Kibondo. Kama mnamjua mwanamke huyo, msomeeni karatasi hizi mbele ya wakwe zake, pole pole, mpaka pale penye pipa. Kisha niandikieni kupitia kwa mwalimu wa kisomo aliyewapa. Niambieni yuko wapi na wamesema nini. Hata mistari miwili inanitosha, na mwandiko wowote nitausoma.